Harufu ya Chapati kwa Shangazi

Baba mkwe wangu alianza kukonda mwaka ule ule nilioolewa, na kwa watu wa Nyakatuntu hiyo ilitosha kabisa kuwa ushahidi.

Mimi si wa huko. Nimezaliwa Bugene, pembeni mwa Kayanga, ambako hata katika miaka hiyo ya tisini mtu aliweza kuamka asubuhi, akachukua sahani, akavuka barabara na kurudi na maandazi ya moto. Nilipoolewa nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mdomo mkali, na sifa moja ambayo hata dada zangu walinipa bila kinyongo: nilijua kusukuma chapati. Nikapanda nyuma ya baiskeli ya mume wangu na sanduku langu la bati, na ndani ya sanduku, katikati ya kanga, nilikuwa nimefunga kibao na kifimbo cha kusukumia.

Nyumba niliyoingia ilikuwa na watu wawili tu, mume wangu na baba yake, ambaye mkewe alikuwa amefariki zamani. Ng'ambo ya migomba, hatua kama sitini, aliishi shangazi, dada mkubwa wa baba mkwe. Alikuwa mjane na mpika rubisi, pombe yetu ya ndizi, na rubisi yake ilikuwa na jina mpaka Kibingo. Shangazi ndiye aliyekuwa serikali ya pale. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia utosini hadi miguuni, akasema mbele ya watu, "Huyu mke wetu ama atatushibisha, ama atatumaliza." Watu wakacheka, na mimi mjinga nikacheka nao.

Sasa, kwa desturi ya pale, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe akila. Hampi mkono, hakai naye mkeka mmoja, na jina lake halipiti mdomoni mwake. Chakula unakipeleka kimefunikwa kwa jani la mgomba, unakiweka, unasema "Karibu Baba" ukiwa umeinamisha macho, unageuka na kwenda zako jikoni. Ukirudi unakuta sahani tupu. Kwa hiyo nilimlisha yule mzee miezi mingi na sikuwahi kumwona akitafuna hata mara moja.

Lakini nilimlisha vizuri! Wakimbizi walikuwa wameshavuka mto kutoka Rwanda, kambi zilikuwa zimejaa, malori yalikuwa yanapita usiku na mchana, na nyuma ya malori walikuja wachuuzi. Unga wa ngano, ambao zamani ulikuwa wa Krismasi, sasa ulipatikana kwenye gulio wiki hadi wiki. Basi kila asubuhi nikampelekea baba mkwe chai ya maziwa na chapati mbili. Alikuwa mzee mpole, mwembamba tangu ujana wake, maisha yake yote amekula ndizi na maharage. Siku ya tatu akamtuma mume wangu aniambie kwamba chapati zile ni nzuri. Nilifurahi mpaka nikaongeza ya tatu.

Baada ya miezi miwili tumbo likamkamata. Mara limejaa upepo, mara anakimbilia chooni, na choo chetu kilikuwa nyuma ya jiko, kwa hiyo nilimsikia kila alipopita. Mashavu yakaingia ndani. Suruali akaifunga kwa kamba ya mgomba. Akawa anatembea anashikilia ukuta, yeye ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akibeba mkungu begani kutoka shambani.

Hakuna aliyesema neno sumu mbele yangu. Walilisema nyuma yangu, kwa sauti ya kutosha nisikie. Kisha shangazi akaanza kuja jikoni wakati wa kupakua. "Onja," ananiambia. Naonja ndizi. "Na maharage." Naonja maharage. "Na chumvi." Jamani, hata chumvi niliilamba! Kwetu, mtu akikukaribisha pombe hupiga funda la kwanza yeye mwenyewe, ili ujue haina kitu, na shangazi alifanya hivyo kwa kila kibuyu alichomimina tangu ujana wake. Sasa akaileta sheria hiyo kwenye sufuria zangu. Nikaonja kila kitu mwezi mzima, na mimi nikawa nanenepa huku mzee anakauka. Shangazi akaniangalia mashavu, akasema, "Anajua upande gani wa kuchota."

Nilimjibu vibaya, siwezi kukataa. Nilimwambia kama ningekuwa na sumu ningeanza na yeye. Mume wangu alinivuta ndani, akanisihi nimwombe radhi, nikagoma, na tangu siku hiyo ikawa vita ya wazi.

Mwishowe mume wangu alimkalisha baba yake kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka hospitali ya misheni, mimi nikifuata nyuma nimebeba chupa ya uji. Pale tukamkuta daktari mwanamke aliyekuja na watu wa misaada ya kambini. Alimpima minyoo, hakuna. Alimpima kifua, safi. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwa nimemwona mganga wala daktari akifanya. Alivuta kiti, akauliza, "Mzee huyu anakula nini sasa hivi ambacho zamani alikuwa hali?"

Mume wangu akasema hali kitu kipya. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kwa heshima, nikitazama sakafu. Nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema, "Chapati."

Daktari akageuka. Akaniuliza ngapi, tangu lini, na maandazi je. Akaeleza taratibu kwamba kuna watu ambao utumbo wao haupatani na ngano. Kwenye ngano mna kitu kinachofanya donge linyumbuke, na kitu hicho kwao ni kama msasa ndani ya tumbo. Miaka mingi baadaye nilisikia kinaitwa gluteni, lakini siku ile hakikuhitaji jina. Akasema hana kipimo cha kuthibitisha, ila tujaribu. Asile ngano kabisa, hata ile inayobaki kwenye kidole. Ndizi ale, maharage, mahindi, mtama, ulezi, muhogo, vyote ale. "Na rubisi?" mzee akauliza kwa sauti ndogo, na mume wangu akamweleza daktari inavyotengenezwa: ndizi mbivu, maji, na mtama uliokaangwa na kusagwa. Daktari akacheka. "Kidogo kidogo," akasema.

Njiani kurudi nililia na kucheka. Nililia kwa sababu ilikuwa kweli, mimi ndiye niliyemlisha, chapati tatu kila asubuhi, zenye siagi. Na nilicheka kwa sababu hapakuwa na mchawi! Palikuwa na kitu, kinashikika, kinatoka kwenye mfuko, na kitu kinachotoka kwenye mfuko unaweza kukifukuza. Sijawahi kutembea safari ndefu nikiwa mwepesi vile.

Nilifika nikafagia jiko lote. Kibao na kifimbo nikavirudisha sandukuni. Unga uliobaki nikaugawa kwa majirani. Kikaango nikakisugua kwa mchanga na majivu mpaka mikono ikachubuka. Baada ya wiki mbili baba mkwe akapita nyuma ya jiko mara moja tu kwa siku kama watu wengine, na wiki ya nne akachukua panga akaenda kukata majani makavu ya migomba. Nilisimama mlangoni nikamtazama mgongo, maana mgongo haukukatazwa.

Kisha tumbo likarudi. Siku moja tu, ghafla, vibaya kuliko mwanzo. Likatulia. Baada ya siku kama kumi likarudi tena, na tena. Shangazi hakuja kuniambia onja. Alikuja na kaka wawili wa ukoo, akasimama uani kwangu, akasema ile hadithi ya ngano imeshajulikana kuwa ni uongo wa mtu wa mjini, kwa sababu ngano haipo na mzee anakufa. "Kahawa ikishaanikwa, ukoo utakaa," akasema. "Kama ndugu yangu hajapona, utarudi Bugene na sanduku lako." Mume wangu hakunitetea. Nilimwonea huruma, lakini sikumsamehe mpaka jioni.

Kahawa ilikuwa bado mbichi mitini. Nilikuwa na wiki saba, nane hivi.

Nikapiga moyo konde. Nilichukua kipande cha mkaa, na kwenye ukuta wa jiko, nyuma ya uchaga wa kuni, nikaanza kuweka alama. Siku nzuri mstari mfupi, siku mbaya mrefu. Sikuweza kumwona akila, sikuweza kumuuliza, lakini kupita kwake nyuma ya jiko hakuna desturi iliyonizuia kukuhesabu. Na mume wangu nikamfanya macho yangu. Kila jioni nilimkalisha nikamhoji: amekula wapi, kwa nani, nini, mkononi au kwenye sahani? "Wewe ungefaa polisi," akaniambia. Lakini nilimwona anaanza kuchangamka, kwa sababu hata yeye alikuwa amechoka kukaa katikati yangu na shangazi yake.

Jamani, ngano ilivyokuwa imejificha! Kwanza niligundua debe. Unga wa muhogo nilikuwa nauweka kwenye debe lile lile lililokaa unga wa ngano, nalo nilikuwa nimelipangusa tu, sikuliosha. Nikaingiza kidole kwenye pindo la chini, kikatoka cheupe. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Nikamwaga muhogo wote kwa mbuzi, nikaliosha debe na kuliweka juani siku tatu. Nikawa na uhakika nimemaliza kesi. Baada ya siku sita, mstari mrefu.

Kisha maandazi. Mume wangu alimfuata baba yake gulioni kwa kujificha nyuma ya mafungu ya ndizi, mtu mzima na heshima zake, akarudi akicheka kwamba kila mama muuzaji anayemwamkia mzee shikamoo anamwekea andazi mkononi, na mzee hawezi kulikataa. Alikuwa akilimega kipande kwa adabu, linalobaki anampa mtoto yeyote aliye karibu. Nikamtuma mume wangu azunguke kwa kila muuzaji kueleza. Wakaacha. Nikahesabu siku, na moyo juu. Mstari mrefu tena.

Nikafikiria kanisa. Padri alifika kigango chetu mara moja kwa mwezi, na baba mkwe hakukosa komunyo. Nilikwenda kwa katekista nikamuuliza hostia inatengenezwa na nini. Alinitazama kama nimetukana. Nilipomweleza akaniahidi kumwambia padri, na padri, Mungu ambariki, akasema mzee apokee kwa divai peke yake. Wazee wenzake walimwonea wivu. Lakini hata kabla ya hapo nilikuwa nimeshaangalia ukuta wangu: padri alikuja mara moja kwa mwezi, na mistari mirefu ilikuja kila baada ya siku tisa, kumi, kumi na moja. Kulikuwa na kitu kinachorudi kwa mwendo wake chenyewe.

Kahawa ikaanza kuiva. Watu wakaingia mashambani kuchuma, na kila niliyempita njiani alinisalimia kwa haraka kidogo. Mama mmoja jirani alikuwa na kawaida ya kuniomba moto asubuhi. Akaacha, akawa anaenda kuomba mbali zaidi. Jambo hilo liliniuma kuliko maneno yote ya shangazi, na ninaliandika hapa kwa sababu bado linaniuma.

Basi asubuhi moja nilikuwa nachambua maharage uani. Upepo ulitoka upande wa migomba. Nikainua kichwa.

Chapati!

Si chapati nzuri. Chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango, ile harufu kavu yenye utamu wa kuungua. Mpishi wa chapati anaijua harufu hiyo hata akiwa usingizini, maana ndiyo inayomwamsha. Na kwenye boma letu hakuna aliyepika chapati kwa zaidi ya miezi miwili. Harufu ilitoka kwa shangazi.

Niliruka. Ungo wa maharage ukapinduka, sikugeuka nyuma. Nilipita kwenye migomba nikijisemea, kumbe mama huyu! Ananiita muuaji mchana, na asubuhi anajikaangia chapati, na kaka yake anaalikwa! Damu ilikuwa inanichemka, na lazima niseme kweli, nilikuwa na furaha isiyo na adabu hata kidogo. Nilitaka nimkute na chapati mkononi.

Sikumkuta na chapati. Nilimkuta amekaa jikoni kwake, mbele yake kigae kipana juu ya moto, na kwenye kigae anakaanga nafaka kwa kuikoroga na kijiti. Mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi ulikuwa umeshaoshwa, ndizi mbivu zimemenywa, nyasi za kukamulia ziko tayari. Ilikuwa siku ya kupika rubisi. Hakuna unga mahali popote. Na harufu, karibu vile, ilinipanda puani mpaka machozi yakanitoka.

"Shikamoo Shangazi," nikasema, maana hata vitani kuna adabu.

"Marahaba. Umefuata nini?"

Nikatazama kigae. Punje zilikuwa ndogo, zimevunjika vunjika, za kahawia. Mtama wetu ni mwekundu na mviringo. "Shangazi, huu ni mtama gani?"

"Mtama uliliwa na ndege mwaka huu, huoni?" akasema. "Hii ni bulga ya kambini. Mkungu mmoja wa ndizi wanakupa kopo mbili. Inakaangika vizuri, inasagika, pombe inakuwa laini. Tena usiende kusema, hiyo ni siri yangu ya kazi."

Unapaswa kuelewa kitu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona ngano shambani. Haioti kwetu. Ngano kwetu ilikuwa unga mweupe, kwenye mfuko, kutoka dukani. Ilizaliwa ikiwa unga. Bulga ilikuwa bulga, chakula cha misaada, kitu chenye ukoo wake. Shuleni baadhi yetu tulilishwa bulga utotoni na hatukuwahi kuuliza ni nini kabla haijawa bulga. Angekuja mtu akamuuliza shangazi kwa kiapo kama anatia ngano kwenye pombe, angekataa kwa kiapo, na angekuwa mkweli.

Lakini pua yangu haikuwa na habari ya majina hayo yote. Niliokota punje kidogo zilizodondoka pembeni ya jiko, nikazifunga kwenye pindo la kanga, nikaaga. Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja hospitali kwa miguu, sijala, sijaaga mume, na sehemu za mteremko nilikimbia. Daktari alikuwa anakula chakula cha mchana. Nilifungua pindo juu ya meza yake bila kumwamkia.

Akazisogeza kwa kidole. "Hii ni ngano," akasema. "Imechemshwa, ikakaushwa, ikavunjwa. Ngano tupu. Umeipata wapi?"

Nilipiga vigelegele mle ndani. Nesi mmoja akaja mbio kutoka wodi ya wazazi kuuliza ni nani aliyejifungua.

Kurudi kulikuwa kurefu zaidi, kwa sababu nilirudi na akili. Nilikuwa nimeshapanga kikao chote kichwani: nitasimama, nitafungua pindo mbele ya wazee, nitasema ninyi mlinionjesha chumvi, haya onjeni hii. Niliyatengeneza maneno, nikayanoa, nikayarudia kwa sauti barabarani. Kisha nikajaribu kuyasikia kwa masikio ya wazee. Wangesikia neno moja: pombe ya shangazi ina sumu. Kwetu neno hilo halifutiki. Hakuna ambaye angegusa kibuyu chake tena, hata akipiga funda la kwanza mara mia. Na yule mama hakuwa na shamba kubwa wala mtoto wa kumtunza, alikuwa na mtumbwi wake na jina lake. Nami nilijua vizuri kuliko mtu yeyote ladha ya jirani kukupita akaombe moto mbali.

Nilichukia kulifikiria hilo. Nilitaka ushindi wangu. Lakini nilipofika nilikwenda kwake kwanza, nikamkuta anafunika mtumbwi kwa majani ya migomba, tukiwa wawili tu.

Nilimweleza yote, ngano ni nini, bulga ni nini, na alama zangu za mkaa zinavyokwenda na siku zake za kupika. Nikamwambia pia kwamba mimi ndiye niliyeanza, na chapati zangu tatu, na kwamba yeye hakujua, kama vile nami sikujua. Nikafungua pindo, nikamwagia punje zile kwenye kiganja chake. "Mimi sitasema kikaoni," nikamwambia. "Ukisema, utasema wewe."

Akafumba kiganja. "Toka kwangu," akasema.

Nilitoka. Mume wangu aliposikia alinishika kichwa kwa mikono miwili akasema nimejiua. Na mimi niliona hivyo hivyo. Ningeweza kuyarudisha maneno yale ningeyarudisha.

Siku ile ile alasiri, kutoka uani kwangu, nilimwona shangazi akiinamisha mtumbwi. Pombe yote, ya siku nzima ya kazi, ikamwagika chini ya migomba. Hakuangalia upande wangu. Hakuja kwangu siku iliyofuata, wala wiki iliyofuata, na hakupika. Wateja walikuja na vibuyu vyao wakarudi navyo vitupu, akawaambia mgongo unamuuma. Nami nikaendelea na mkaa wangu. Mstari mfupi. Mfupi. Siku ya kumi ikafika. Mfupi. Siku ya kumi na moja, mfupi. Ukuta ukajaa mistari mifupi, nikawa nausoma asubuhi na jioni. Mzee alikuwa anapona. Lakini bado alikuwa mifupa, na ukoo hautazami ukuta wa jiko, unatazama mashavu. Shangazi alikuwa ameniamini, hilo lilikuwa wazi. Kama angelisema, hilo sikulijua.

Kahawa ikaanikwa. Wakaja. Walikaa sebuleni wazee saba na shangazi, baba mkwe kwenye kiti chake karibu na mlango, amejifunika koti. Mimi nilikaa chini, nyuma, upande wa jikoni, pamoja na sanduku langu, ambalo mtu alikuwa amelileta pale bila kuniuliza. Mzee mkubwa akaeleza kesi. Akaeleza vizuri, bila matusi, na kila alichosema kilikuwa kweli: ndugu yao alikuwa mzima, mke wa mwanawe akaja, naye akaugua. Akaniuliza kama nina neno. Nikamtazama shangazi. Alikuwa anatazama mapaja yake.

"Sina," nikasema. Sijui nilipata wapi nguvu.

"Basi," akaanza yule mzee.

"Ngoja," shangazi akasema.

Akasimama. Ilimchukua muda, kwa sababu ule mgongo kweli ulikuwa unamuuma. Akanyoosha mkono, akaufungua, na kwenye kiganja mlikuwa na punje zile zile. Alikuwa amezitunza wiki zote zile. "Hii niliikaanga mimi, nikaisaga mimi, nikaitia kwenye rubisi mimi," akasema. "Kila nilipomimina nilionja kwanza. Haikunidhuru mimi. Ilimdhuru yeye. Sikujua." Akaninyooshea kidole. "Huyu mtoto ndiye aliyejua. Alikuja kuniambia mimi, hakuja kuwaambia ninyi."

Nilijisikia nikilia kwa sauti kama mtoto. Nikasema na mimi, kutoka pale chini, nikasema chapati, tatu, na siagi, asubuhi zote zile, nilimlisha mimi kabla yake. Tukawa tunasema kwa pamoja, kila mmoja anajishtaki, na wazee wanageuza shingo huku na huku. Mmoja akauliza, kwa kuchanganyikiwa kabisa, "Sasa aondoke nani?"

Ndipo baba mkwe alipokohoa. Tangu tumbo limkamate hakuwa ameomba chakula hata mara moja. Akajiweka sawa kwenye kiti.

"Nina njaa," akasema.

Tulisimama wote wawili, mimi na shangazi, kwa wakati mmoja, tukagongana mlangoni mwa jiko.